Siku za Posho Ziwani

Mwezi uliopita tulimuaga mwenzetu wa kazini aliyehamishiwa Kindu. Tulikwenda kula samaki ukingoni mwa ziwa, kwenye mojawapo ya zile sehemu mpya zenye viti vya plastiki na muziki wa kupasua masikio. Pale wanakodisha mbao za kusimamia juu ya maji. Wenzangu walipoziona wakachangamka kama watoto walioachiwa nyumba. Kabla sijasema ndiyo wala hapana nilikuwa nimeshavishwa jile la kuelea, nalo lilikuwa halijakauka vizuri. Likanipiga puani na harufu ile ya sponji iliyolowa, jasho la mtu mwingine na matope kidogo. Nikalivua. Nikasema tumbo linanisokota, nikaenda kujifungia ndani ya gari mpaka walipomaliza kuanguka na kucheka.

Tangu siku hiyo ofisini wanasema naogopa maji. Nimewaacha waseme. Mimi nilisimama juu ya ziwa hili wengi wao wakiwa hawajui hata kama kitu hicho kipo.

Ninyi mliokulia Kadutu, hapa Bukavu, miaka yetu mnakumbuka: ziwa tuliliona kila siku, na hatukuligusa. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, na njia ya kuifikia ilikuwa ngazi za udongo ambazo mvua ilizifuta na watu wakazichonga upya. Kwetu maji yalikuwa kitu cha kupandisha mlima kwa mgongo, bidoni baada ya bidoni, huku chini kule yamejaa tele hadi Rwanda. Mama alikuwa mtoto wa wakulima wa Mudaka, na hakujua kuogelea. Kwake ziwa lilikuwa mahali pa kununua sambaza, dagaa wetu wa hapa, na kuondoka haraka.

Papa alikuwa fundi wa umeme. Courant ilipokatika mjini, na ilikatika kila mara, yeye ndiye aliyeitwa kufufua jenereta za watu wenye uwezo. Siku ya posho, ndivyo tunavyoiita Jumamosi sisi wa Bukavu, alishuka kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa kuangalia jenereta yao, groupe kama tunavyosema, na pampu ya maji. Mama ndiye aliyesema niende naye. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga alipokuwa anasema.

"Papa, uende na mutoto."

"Mutoto atafanya nini kule? Ni kazi."

"Ataona vile unafanyaka. Naye ajue kazi ya baba yake."

"Atachafuka na mafuta."

"Nitafua."

Papa alimtazama muda mrefu. Kisha akacheka, akanigeukia. "Haya, maman, vaa viatu." Aliniita maman kwa kuwa nina jina la mama yake. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo nikifunga kamba za viatu. Wazazi wangu walikuwa wamegombana kidogo kwa ajili yangu, nami nilidhani wanashindana nani anipende zaidi.

Nyumba ile ilikuwa na uwanja wa majani yaliyokatwa, ulioshuka hadi kwenye maji. Wageni wake walikuwa watu wa kutoka nje, wa kazi za misaada, na mwisho wa juma karibu wote walipanda meli kwenda Goma. Kwa hiyo siku ya posho palikuwa kimya. Aliyebaki ni Solange, mtunzaji wa mitumbwi, majile na mbao. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, nywele amezikata kama mwanafunzi. Papa aliniambia nimwite tantine.

Ubao nilipouona mara ya kwanza ulikuwa umelala kwenye majani, mweupe, mrefu kuliko kitanda chetu.

"Tantine, hii ni ya kupigia pasi?"

Alicheka hadi akakaa chini. "Apana, mamaa. Ni ya kusimama."

"Kusimama fasi gani?"

"Juu ya maji."

Wakati huo nilikuwa najifunza katekisimu kwa ajili ya komunyo ya kwanza, na tulikuwa tumesimuliwa ni nani aliyetembea juu ya maji na ni nani aliyejaribu akazama. Nilimtazama Solange miguu yake kwa heshima kubwa. Jioni, tukipanda kurudi nyumbani, nilimuuliza papa kama tantine ni mtakatifu. Papa akakohoa, akaninunulia andazi la beignet.

Solange alikuwa mwalimu kweli. Nalisema hili kwa uchungu, lakini ni kweli. Kwanza alinifundisha kuanguka. Tulikwenda mahali maji yanapofika kifuani mwangu, akanisukuma, akanisukuma tena, hadi nikaacha kupiga kelele. "Anguka ubapa kama chapati, usiingize kichwa mbele. Halafu shika ubao. Usiachake ubao hata siku moja. Ubao njo mutumbwi wako." Akanifunga kamba ya mguuni, inayomuunganisha mtu na ubao, akanionyesha jinsi ya kupanda tena: kwa ubavuni, katikati, nikipiga miguu kama chura. Siku nzima ya kwanza nilipiga magoti tu. Nilishika kasia kinyume, akaligeuza. Nilipiga maji upande mmoja nikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, akanionyesha kubadilisha, kulia, kushoto, kulia.

Kusimama kulikuja siku ya posho iliyofuata, au ile baada yake. Mguu mmoja pale lilipokuwa goti, halafu mwingine. Ubao ulikuwa unatikisika, nami nikaanza kulia.

"Ziwa inatikisika, tantine!"

"Ziwa imelala. Ni weye unaitetemesha. Legeza magoti. Usiangalie miguu! Miguu haikimbiake. Angalia kule mbali, kule Rwanda."

Nikatazama vilima vya Rwanda. Sijui vilifanya nini, lakini miguu ilinyamaza. Nilikuwa nimesimama. Maji yalikuwa chini yangu pande zote, na kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na mtu aliyenizidi urefu. Papa alikuwa ukingoni, akapiga makofi kwa mikono iliyokuwa nyeusi kwa mafuta.

"Unamuona mutoto wako?" Solange akamwambia.

"Ninamuona," papa akajibu.

Picha hiyo nimeirudia mara nyingi. Nilipokuwa mtoto niliiona furaha usoni mwake na nikaichukua yote kuwa yangu. Sasa naona vizuri zaidi macho yake yalikuwa wapi.

Njiani siku hiyo alinishika mkono. "Ukifika, umuambie mama vile ulisimama."

"Ndiyo, papa."

"Na umuambie ni papa njo alikufundisha. Sawa?"

Nilidhani papa anataka kasehemu kadogo ka sifa zangu. Nilimpa kwa moyo mweupe. Hata nilimuonea huruma, maana mimi nilikuwa nazo nyingi. Mama alisikiliza habari zangu akiwa ameinamia sufuria, akasema, "Vizuri. Kila siku ya posho uende naye. Usimuache."

Kadiri nilivyojua ndivyo nilivyotumwa mbali. Kulikuwa na bidoni la njano lililoelea, limefungwa kwa jiwe chini ya maji, mahali pa kufungia mitumbwi. Solange alinikazia jile, akanisukuma, akasema, "Zunguka bidoni. Ukimaliza, zunguka tena. Usirudi mpaka nikuite." Nilijivuna. Watoto wengine wote wa Kadutu walikuwa wanabeba maji, mimi nilikuwa nimeaminiwa ziwa. Nilizunguka kwa kulia, nikazunguka kwa kushoto, nikajifunza kugeuka papo hapo nikirudisha mguu mmoja nyuma. Wakati mwingine jua lilisogea sana kabla sijaitwa. Mwanzoni nilisikia nyundo ya papa na jenereta ikikohoa. Baadaye sikusikia kitu. Nilidhani jenereta imepona, na kwamba kitu kilichopona lazima kipumzike.

Halafu ikaja siku ya upepo.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama maziwa kwenye bakuli. Nilikuwa nimezunguka bidoni hadi nikachoka, nikakaa juu ya ubao nikichezesha miguu, nikingoja kuitwa. Upepo ukashuka kutoka mlimani, nyuma yangu. Kwanza ulinipoza, nikaufurahia. Nilipogeuka, bidoni lilikuwa limekuwa dogo kama limau. Nilipiga magoti, nikapiga kasia kulia na kushoto, na bidoni likazidi kuwa dogo. Nilikumbuka nilivyofundishwa: nikalala kifudifudi, kasia nikalibana chini ya tumbo, nikapiga maji kwa mikono. Nikaita, "Papa!" Nikaita, "Tantine!" Nyumba ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. Mlango ulikuwa umefungwa, na mapazia yameshushwa mchana ule. Nami nilikuwa na wasiwasi mwingine wa kijinga juu ya ule wa kufa: nilikuwa najaribu kurudi kabla sijaitwa.

Walioniona ni akina mama wa kisiwa cha Idjwi waliokuwa wanaleta mananasi sokoni kwa mtumbwi wa injini. Nilisikia injini ikipunguza, halafu sauti ya mwanamke.

"Yesu wangu! Ni mutoto! Mutoto juu ya mulango!"

Mama mmoja mnene mwenye kilemba chekundu alinishika kwapani akanivuta, akaniweka katikati ya mananasi, akanifunika kwa kitenge chake. Ubao wakaufunga nyuma. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, lakini alinibeba kiunoni hadi kwenye majani, akasimama pale maji yakimchuruzika, akapiga kelele kuelekea ile nyumba.

"Weye wa hapa! Mutoto wa nani huyu?"

Akasogea hatua mbili.

"Ninauliza! Mutoto wa nani?"

Mlango ukafunguka. Solange akatoka mbio bila viatu.

"Ni wangu," akasema.

"Wako? Na uko wapi weye? Ziwa inabeba mutoto, weye unalala mukati ya nyumba mchana?"

"Ni wangu, maman. Unisamehe."

"Mama gani weye! Mbuzi anajua kuchunga mutoto wake kukushinda!"

"Ni kweli, maman. Asante. Mungu akubariki."

Alipokea matusi yote, moja baada ya jingine, ameinamisha kichwa, mkono wake juu ya kichwa changu. Mtumbwi ulipokwisha kuondoka ndipo papa akatokea upande wa nyuma. Akanipapasa mabega, miguu, kichwa. "Pole, maman. Nilikuwa kule nyuma, sikusikia." Mikono yake ilikuwa safi.

Mngetegemea kwamba nilirudi nyumbani nikiwa na hofu. Sikuwa nayo. Nilikuwa na maneno mawili tu masikioni: ni wangu. Mwanamke yule mwenye mabega yale, aliyejua ziwa kuliko mtu yeyote, alikuwa ametukanwa kwa ajili yangu na akasema mimi ni wake. Nilipanda ngazi zote za Kadutu bila kuzisikia. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba alisema vile ili mtu mwingine asilazimike kutoka nje.

Mama alikuwa anachekecha unga. Papa alikuwa amebaki chini barabarani akizungumza na jirani. Sikuweza kungoja.

"Mama, leo tantine alisema miye ni mutoto wake!"

Nilitegemea acheke. Akaendelea kuchekecha. "Tantine gani?"

"Tantine Solange. Yeye njo ananifundishaka. Upepo ilinibeba mbali, mama, mbaliii, bamama ba Idjwi bakanitoa mu maji, bakaniweka juu ya mananasi. Bakauliza mutoto wa nani, tantine akasema ni wangu."

"Na papa alikuwa wapi?"

"Nyuma. Kwa groupe."

"Groupe ilikuwa inanguruma?"

Nikafikiri, nikitaka kujibu sawasawa. "Apana. Inapumzikaka."

Chekecheo likasimama. Mama akakung'uta mikono, akaniambia nivue nguo zilizolowa.

Siku ya posho iliyofuata alivaa kitenge chake cha misa, akamfunga mdogo wangu mgongoni. "Leo tunaenda wote," akasema. "Nataka nione mutoto wangu akisimama." Papa alisema wageni wapo, alisema njia inateleza, halafu akavaa viatu. Nilitangulia mbele yao nikirukaruka. Nilikuwa nimeiota siku hiyo.

Solange alituona tukishuka. Alikuwa na pampu ya kujazia ubao upepo mkononi, na aliendelea kuishika.

"Jambo, maman," mama akamwambia kwa adabu.

"Jambo, maman."

"Muvalishe mutoto. Atuonyeshe."

Solange akaanza kunifunga jile. Vidole vyake havikuweza kupachika vifungo, nikamsaidia, nikavifunga mwenyewe. Nikaenda.

Sikuwahi kusimama vizuri vile, kabla wala baada. Nilitoka ukingoni nimesimama tayari, sikupiga magoti hata kidogo. Nilikwenda hadi kwenye bidoni, nikalizunguka papo hapo kwa mguu mmoja nyuma, maji yakakata duara safi. Kisha nikanyanyua kasia juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, kama nilivyomuona Solange akifanya alipokuwa na furaha, nikatazama ukingoni kupokea makofi.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mama na Solange walikuwa wamesimama karibu sana, uso kwa uso, kama marafiki wanaopeana siri. Kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kinacheza mgongoni. Papa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba, anafungua kamba za viatu vyake na kuzifunga tena.

"Mama! Angalia!"

Mama akamtemea Solange mate usoni. Akageuka, akapanda njia kwa haraka. Papa akamkimbilia. Wakatoweka nyuma ya ukuta, wote watatu, nami nilikuwa katikati ya ziwa nimeinua kasia.

Solange ndiye aliyebaki. Alijifuta uso kwa mkono wake, akangoja kidogo, akaita, "Sasa urudi." Nilipofika alinivua jile, akanikausha kichwa kwa taulo taratibu, kama kawaida, ingawa sikuwa nimeanguka.

"Umezunguka muzuri," akasema. "Kimbia. Banakuacha."

Nilikimbia kupanda mlima, na sikumuona tena.

Kabla ya siku ya posho nyingine mama alikuwa ameshatupeleka Mudaka kwa wazazi wake. Nilimalizia utoto wangu huko, katika mihogo na maharagwe. Papa alikuja kwanza na sukari na sabuni, halafu akaja mikono mitupu, halafu hakuja. Papa hakumuoa Solange. Maneno yalimfikia mwenye nyumba ile, naye Solange akafukuzwa kazi. Papa akaenda Bunyakiri kufunga jenereta za wafanyabiashara wa dhahabu, na mpaka leo ana nyumba huko na watoto nisiowajua majina.

Mudaka wajomba na wake zao walikuwa wakinitazama, wananong'ona. Mke wa mjomba mmoja alinipa jina: Pazia. "Muite ule Pazia, akuye kula." Nililipenda. Nyumba zetu zilikuwa hazina mapazia, na mimi niliyaona kwenye nyumba za wenye uwezo tu, kwa hiyo nilidhani ananisifu kwa kukulia mjini. Niliitika jina hilo kwa furaha. Nilikuwa nimeshaanza kuona siku zangu za mwezi nilipotua mzigo wa kuni siku moja, jina likaitwa, na maana yake, kitu cha kufichia, ikanifikia yote kwa pamoja. Sikuitika tena. Lakini aibu ya miaka niliyoitika haikuondoka, na uchungu mwingine ukaja juu yake: kitu kizuri kuliko vyote nilivyofundishwa utotoni nilifundishwa na mwanamke aliyehitaji niende mbali.

Jumapili baada ya ile karamu ya kazini nilikwenda Mudaka. Mama amezeeka, mgongo umeinama, lakini bado analima. Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Nilikaa karibu naye, nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Mama, kwa nini ulisemaka niende naye?"

Hakujifanya haelewi. "Nilijua kuna muntu. Sikujua nani. Nilisema akiwa na mutoto wake pembeni atapata haya."

"Kumbe nilikuwa mulinzi wako."

"Sikuwa na muntu mwingine wa kutuma."

Jogoo akaja kudokoa, mama akamfukuza kwa mguu. Nilikuwa nimebeba uchungu juu ya papa kwa miaka mingi, nikadhani ndio wote.

"Na ile siku nilirudi nimelowa," nikasema. "Nilikuambia upepo ilinibeba. Nilikuambia bamama ba Idjwi banitoa mu maji. Haukuniuliza kitu."

Mama aliinua ungo, akaupepeta, maganda yakaruka. Alikuwa anakumbuka kweli, niliona usoni mwake kwamba anatafuta.

"Ulisema hivyo?" akauliza. Akafikiri tena. "Ile siku nilisikia tantine tu, mutoto wangu. Upepo sikuisikia."

Akauweka ungo chini, akaanza kuokota mawe madogo. Kisha akaniuliza kama nitakula kabla sijarudi mjini. Nikasema nitakula.